Mwenye Kaseti Hanunui Bila Shahidi

Mtu akienda kwa Mwenye Kaseti kutafuta mchezo wa zamani, haulizwi jina la mchezo. Anaulizwa alikuwa akiucheza na nani. Akijibu, "Na yaya yangu," yaani ndugu yake mkubwa, anaulizwa nani alikuwa akishinda. Akijibu, "Peke yangu," Mwenye Kaseti anamtazama kama muuguzi aliyeambiwa homa ina wiki mbili. Kisha anafumba macho, anaimba puani muziki wa mchezo fulani, na mara nyingi ndio wenyewe. Mteja anashika kichwa. "Ni ule! Ni ule kabisa, papa!"

Watu wa Kasongo walisema ni kipaji. Mimi nilisema ni biashara. Mtu akishakueleza mkeka wa kwao na ndugu aliyekuwa akimpora maneti, kile kishikio cha kuchezea, mkononi, umeshajua ana hamu kiasi gani, na hamu ndiyo inayopanga bei. Nilimwambia hivyo usoni. Hakukasirika.

"Avoka," alisema, "daktari akikuuliza wapi panauma, iko anataka kukuuzia maumivu?"

Aliniita Avoka, yaani wakili, ingawa sijawahi kusimama mbele ya hakimu. Nilirudi kutoka Bukavu na lisansi, shahada ya sheria, nikapata masaa machache ya kufundisha uraia katika shule ya sekondari, na muda uliobaki ulikuwa mwingi wa kuwashuku watu. Yeye nilimshuku kuliko wote, na nilikuwa na sababu. Ilikuwa juu ya rafu ya tatu dukani mwake: mashine ya sidi, ya kijivu, yenye alama ya pasi mgongoni.

Alama ile naijua. Huko Salamabila mama yangu aliweka pasi ya makaa juu ya mashine yetu siku alipoitwa mlangoni ghafla, na plastiki ikayeyuka kwa umbo la ncha ya pasi. Baba alikuwa na duka dogo, akiwauzia wachimba dhahabu chumvi, betri na sabuni, na mashine aliinunua katika mwaka mzuri. Kisha milio ya risasi ikasogea, tukakimbia. Nilikuwa msichana wa miaka saba. Tulipofika Kasongo yaya yangu alilia akiuliza mashine iko wapi, na baba akajibu, "Wenye bunduki wamechukua." Jibu hilo lilitosha nyumbani kwetu karibu miaka ishirini. Sasa, kama wenye bunduki ndio walioichukua, ilifikaje kwa Mwenye Kaseti? Nani alimuuzia, na yeye alijua ananunua nini?

Swali hilo ndilo lililonikalisha kwenye benchi lake karibu kila siku ya soko, nikijifanya nakwepa jua.

Duka lake liko mwisho wa mstari wa wauza vitenge, kibanda cha mabati chenye paneli mbili za jua juu ya paa. Ndani kuna televisheni moja yenye kisogo kikubwa. Hizi bapa za sasa hazitaki. Anasema zinaonyesha mchezo wa zamani kama bibi aliyepakwa rangi ya midomo kwa nguvu. Ukutani kuna mashine za kaseti, mashine za sidi, na maneti ambazo nyaya zake amezifunga moja moja kwa uzi wa kushonea magunia. Kaseti, nyingi zikiwa zile za njano, amezipanga ndani ya masanduku ya chai. Mchezo wa simu hautaki kuusikia. "Simu iko ya kusema," anakwambia, "na hata kusema kwenyewe mnasema uongo."

Ukipuliza kaseti mbele yake, umeharibu siku yako. Sisi wote tulikua tukipuliza. Ilikuwa kama kusema bismillahi kabla ya kula. Yeye anakunyang'anya. "Unaitemea mate! Mate ni maji, maji ni kutu. We ukilala, mutu akutemee mdomoni utaamka vizuri?" Halafu anachukua kifutio cha shule, anasugua meno ya shaba taratibu, anaifuta kwa kitambaa chenye tone la pombe ya dawa, na kaseti iliyokuwa imekufa inawaka. Hapo hata mimi nilisogea karibu nione.

Jambo moja lilinitia wasiwasi mapema: hakuna aliyewahi kumwona akicheza. Siku moja nilimwekea maneti mkononi, mbele ya watu, mchezo wa mbio za magari. Gari lake liligonga ukuta wa kwanza, likarudi nyuma, likagonga ukuta uleule. Benchi zima lilicheka.

"Papa, unawachagulia watu chakula na we mwenyewe huna meno?" nikamwambia.

"Meno ninayo," akajibu, akilisukuma gari ukutani mara ya tatu. "Barabara ndiyo imekuwa fupi."

Nilipomwuliza basi anawezaje kumpendekezea mtu mchezo asioujua kuucheza, alisema yeye hatazami kioo, anatazama wanaocheza. Nilitaka mfano. Akanipa wa mwalimu mmoja na mkewe, wote wateja wake, ambao wakati huo walikuwa wanasalimiana kupitia kwa watoto. Mwalimu alikuja kuomba mchezo wa ngumi. Mwenye Kaseti akamkodishia ule wa ndugu wawili wanaovuka msitu, ambao mmoja akibaki nyuma, kioo kinakataa kusogea na wote wanasimama. Kaseti ilikaa kwao miezi miwili.

"Na wakapatana?" nikauliza.

"Walirudisha imevunjika kona. Nilihesabu ni kupatana."

Unaona shida ya kumhoji mtu kama huyu.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Hakukosa sala hata moja msikitini, ila kaseti iliyoandikwa michezo mia tisa tisini na tisa aliiuza akijua ndani imo saba tu, inayojirudia kwa majina tofauti. Nilipomshika kwa hilo akasema, "Nilimwambia ni saba. Yeye alisema anapenda ile namba." Nikamtafuta mnunuzi. Kweli alikuwa ameambiwa. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Kutafuta ndiko kulikokuwa kazi yake hasa. Mnunuzi mmoja wa dhahabu wa Salamabila, mtu mwenye pikipiki tatu, alimwomba mchezo wa ndege alioucheza utotoni na marehemu mdogo wake. Hakujua jina, alijua tu kwamba ndege ilikuwa nyekundu na bahari ilikuwa ya zambarau. Mwenye Kaseti alituma habari kwa wenye pikipiki wa njia ya Wamaza, kwa wauza mafuta ya mawese, kwa mapadri na maimamu. Ilichukua zaidi ya mwaka. Kaseti ilipatikana Kabambare kwa fundi cherehani, ikiwa imewekwa chini ya mguu wa meza yake ili meza isiyumbe. Fundi alikataa pesa. Alitaka kwanza kipande cha mti cha unene uleule, na Mwenye Kaseti, aliyelala siku mbili njiani kwa tope, alikaa chini akachonga. Mnunuzi wa dhahabu aliicheza robo saa, akazima, akasema, "Nilifikiri bahari iko kubwa." Akairudisha, na pesa akamwachia. Mwenye Kaseti hajaiuza tena kwa mtu mwingine. Nilidhani anasubiri bei ipande.

Sasa nifike kwenye desturi iliyompa sifa. Wazee wa mji huu, wale wa familia za Kiislamu za zamani, huuza kiwanja au mbuzi mbele ya mashahidi. Yeye aliichukua desturi hiyo akaishusha hadi kwenye plastiki: hanunui mashine wala kaseti bila shahidi. Shahidi lazima awe mtu aliyeona kitu hicho kikichezwa nyumbani kwa muuzaji. Anamtenga, anamhoji peke yake, muuzaji akiwa mbali. Kuna mwanamume alitoka Wamaza na mashine, na shahidi aliyemleta alikuwa mama mkwe wake.

"Mama, hii kitu unaijua?"

"Naijua sana. Ndiyo inafanya huyu mutu asilime."

Ilinunuliwa palepale, na mama mkwe alirudi kwao akiimba.

Lakini desturi ilikuwa na nusu ya pili: aliyenunua hatajiwi aliyeuza, na shahidi hatajwi kwa yeyote. Mtu anayeuza mchezo wa nyumbani kwake, alisema, mara nyingi ana aibu yake, na aibu si bidhaa. Mimi niliyesoma sheria niliona nusu hizi mbili zinakulana. Shahidi asiyetajwa ni shahidi wa nini? Kama ningekuwa mnunuzi wa vitu vya wizi, hiyo ndiyo kanuni ambayo ningeitunga, tena ningeisifia kwa jina la heshima.

Nilimwuliza kuhusu rafu ya tatu.

"Haiuzwi," akasema.

"Sijauliza bei. Nauliza ni ya nani."

"Iko na mwenyewe."

"Ulinunua kwa shahidi?"

"Mi sinunui bila shahidi."

"Nani?"

Akaanza kufuta kaseti ambayo ilikuwa safi tayari.

Basi nikafanya nilichofundishwa. Niliandika barua kwa mkubwa wa soko, kurasa mbili, nikieleza alama ya pasi, nyumba yetu ya Salamabila na maneno ya baba. Niliomba Mwenye Kaseti amtoe shahidi wake au afunge duka. Barua kama hiyo haikai ndani ya bahasha. Kasongo imejaa watu waliokimbia kutoka Salamabila na vijiji vya Kabambare, na kila mmoja ana kitu alichokiacha mezani. Wiki haikuisha, mtu aliandika kwa makaa kwenye mabati ya duka: ANAKULA VYA WAKIMBIZI. Benchi likabaki tupu. Wauza vitenge wakaacha kumpa moto wa kuwashia jiko lake. Mkubwa wa soko akatangaza kwamba siku ya soko inayofuata atakuja na wazee wa soko, na kama shahidi hayupo, kufuli litafungwa.

Nyumbani sikusema kitu. Baba hakuwa na kawaida ya kupita upande ule wa soko. Hata akienda kununua jembe alizunguka kwa nyuma, kwa wauza samaki. Nilidhani ni uchungu, kwamba amewahi kuiona mashine yake pale na hataki kuiona tena. Nilijisifu kwamba namfanyia kazi ambayo yeye hakuwa na nguvu ya kuifanya.

Alasiri, siku moja kabla ya siku ile, nilikwenda dukani peke yangu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na yeye alikuwa ameketi chini, akifunga nyaya za maneti kwa uzi. Masanduku mawili ya chai yalikuwa tayari yamefungwa kwa kamba.

"Karibu, Avoka. Umekuja kuhesabu kama vyote viko?"

"Nimekuja kukusaidia. Nitajie shahidi. Kama yupo, barua naichana."

"Sitataja."

"Basi hayupo."

"Yuko."

"Papa, kesho watafunga duka. Kazi ya maisha yako yote, kwa ajili ya jina moja?"

"Nitauza chumvi," akasema. "Chumvi haiulizwi inatoka wapi."

Nilimwambia kwamba mimi huuliza kila kitu, na hata chumvi nitaiuliza. Nikamwambia yaya yangu alilia mwezi mzima. Nikamwambia yeye anajua kabisa nani aliingia nyumbani kwetu na bunduki, na kwamba kunyamaza kwake kunamlinda mwizi. Nilisema na mengine, ambayo sitayaandika. Akaacha uzi.

"Mulitoka Salamabila, mukapita wapi?"

"Wamaza."

"Mulilala?"

Nilikumbuka shule isiyo na milango. Nilikumbuka mama amelala chini akiwa na mimba ya mdogo wangu, miguu imevimba. Nikakumbuka mwanamume aliyefunikwa tope la njia kuanzia kichwani, tope hadi kwenye kope, akinipa karanga za kuchemsha ndani ya jani.

"Yule mwanamume," nikasema.

"Tope lile lilichukua siku tatu kutoka masikioni," akasema.

Nikasimama. Nilimwambia hapana. Nilimwambia amesikia habari hizo sokoni, kwamba kila mtu aliyekimbia alilala Wamaza na kila mama alivimba miguu. Alisubiri nimalize.

"Nilimweka muuzaji nje. Ndani nilikuwa na mutoto muke mumoja, anakula karanga. Nikamwuliza, hii kitu unaijua? Akasema, iko yetu. Nikamwuliza, utanionyesha nini nijue iko yenu? Akasema, ndani mwake iko nyenze, inalia ukiiwasha, na mimi ninaipa wali ili isife."

Mvua ilikuwa bado inapiga. Sikuisikia.

"Nilipofika hapa nikafungua mashine," akasema. "Nilitoa wali mukavu, kiganja hiki. Nilikuwa sijawahi kupata shahidi mukweli kama yule."

Habari ya nyenze sijawahi kumwambia mtu. Yaya alinidanganya kwamba ule mlio wa sidi ikizunguka ni mdudu, nami nilikuwa nikiiba wali uliobaki kwenye sufuria na kuusukuma punje kwa punje kwenye matundu ya pembeni. Nilificha kwa kuogopa fimbo, kisha nikafichua mara moja tu, kwa mwanamume wa tope, kwa sababu alikuwa na karanga. Mashine yenyewe, iliyobebwa ndani ya mzigo wa baba, nilikuwa nimeisahau; karanga ndizo zilizobaki.

"Mama yako alikuwa hawezi kutembea tena," akasema. "Wenye pikipiki walikuwa wanataka pesa mbele. Muuzaji aliniomba nisiiuze, ataikomboa. Nimengoja. Haya, nenda. Kesho nyamaza tu. Watafunga, watasahau."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa. Baba alikuwa kwenye shamba la mpunga, akarudi jioni, akala, akaniuliza kama nimepata homa. Nilimtazama mikono. Nilijaribu njia zote nilizofundishwa. Nikisema kwamba shahidi ni mimi, watu watauliza muuzaji ni nani, na nyumba yetu ilikuwa na mwanamume mmoja tu mwenye haki ya kuuza kitu. Nikinyamaza, mtu aliyekaa miaka yote hiyo akingoja ikombolewe mashine ambayo hata kuicheza hawezi atakuwa mwizi wa wakimbizi mpaka kufa, kwa mwandiko wangu. Njia ya tatu sikuiona.

Asubuhi mkubwa wa soko alikuja na wazee wanne na kufuli jipya. Watu walijaa mpaka kwa wauza samaki.

"Mzee, shahidi wako yuko wapi?"

"Sina wa kuonyesha," akasema Mwenye Kaseti.

"Shahidi ni mimi," nikasema.

Mtu mmoja nyuma alicheka. "Avoka amegeuka! Amepewa ngapi?"

"Niliona inachezwa nyumbani kwetu," nikasema, "na niliulizwa kabla haijanunuliwa. Nilikuwa Wamaza, nina miaka saba. Barua niliyoandika ni ya uongo, hata kama sikujua. Aliyeuza alikuwa mwenye mali."

Mkubwa wa soko aligeuza kufuli mkononi. Anamjua baba. Watu wote pale wanamjua baba. Nilisikia jina lake likitembea kutoka mdomo hadi mdomo, likipita wauza vitenge, likienda mbali.

Kufuli lilirudi mfukoni. Nilidhani Mwenye Kaseti atanishukuru, au angalau atapumua. Alingoja watu waondoke, akanigeukia na uso ambao sijawahi kuuona kwake.

"Hakuna mutu aliyeuza kwangu akasikia jina lake sokoni," akasema. "Hata mumoja. Leo iko mumoja. Sasa nani wa Kabambare ataniletea kitu cha nyumbani kwake?"

"Wangefunga duka, papa."

"Duka lilikuwa langu."

Alipanda kwenye kigoda, akaishusha mashine ya rafu ya tatu, akanipa mikononi bila kuifunga na kitu. Nilitaka gunia au gazeti la kuifunikia. "Peleka hivyohivyo," akasema. "Habari imeshakutangulia. Utaficha nini?"

Nilipita katikati ya soko na mashine kifuani, alama ya pasi ikitazama juu, na kila niliyemsalimu alijibu kwa kuchelewa kidogo. Nyumbani mama alikuwa mlangoni. Aliiona, akaingia ndani. Baba alikuwa uani, ungo magotini, anapepeta mpunga. Alikuwa ameshasikia, nilijua kwa jinsi alivyoendelea kupepeta baada ya makapi yote kuruka. Nikaiweka mashine chini, juu ya mkeka, mbele ya miguu yake.

Nilikuwa na maswali kumi na moja. Nilikuwa nimeyapanga njiani.

Baba aliweka ungo pembeni. Alipitisha kidole juu ya ile alama, polepole, mpaka kwenye ncha.

"Bado inawaka?" akauliza.

"Sijui, baba. Sijaijaribu."

Akasimama kwenda kutafuta waya.